Majina Kwanza, Zege Baadaye: Tunayojifunza kwenye Minara ya Vita

Mnara wa vita husomwa kwa miguu. Uzunguke kwanza pande zote ndipo ukisogelee kibao. Kibao kinasema alichotaka kusema aliyelipa gharama, ila umbo la mnara linasema mengi ambayo mlipaji hakukusudia yaonekane. Wanafunzi wanaoletwa Posta, Dar es Salaam, kulitazama sanamu la Askari, ambalo wenyeji wengi wanaliita Bismini, huwa wanayakimbilia maandishi, wanayanakili kwenye madaftari, kisha wanarudi kwenye basi. Ukiwauliza baadaye wapagazi wako wapi kwenye mnara ule, wengi hawana jibu. Walichokiona ni askari na bunduki yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumpa mgeni ni hili: nani yuko juu, na nani yuko chini? Pale kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, juu amesimama askari wa shaba, mkubwa, singe yake ameielekezea upande wa bandari. Wapagazi wamechongwa kwenye bamba ubavuni mwa msingi, na ili uwaone vizuri ni lazima uvuke magari ya kipilefti na kuinama kidogo. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, upo mnara wa vita ile ile, na kazi ya mchongaji yule yule, James Alexander Stevenson. Huko mpagazi amesimama kwa urefu wake pamoja na wenzake. Mtu aliyekulia Nairobi na aliyekulia Dar wote wawili watakwambia wanaijua minara ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini kila mmoja amebeba picha yake ya nani aliyepigana.

Picha hiyo haiendani na hesabu. Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918 wapagazi walikuwa wengi mno kuliko askari. Waingereza peke yao waliwakusanya watu wanaokaribia milioni moja, wengi kwa nguvu, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kati yao hawapungui 95,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na pia na unga wa mahindi ulioiva nusu, waliopewa watu waliozoea ndizi au mtama, tena wakiwa safarini, mzigo wa kilo 25 hivi kichwani na kuni zimelowa. Anayewaongoza wanafunzi asiipite habari ya unga huu haraka haraka. Vijana husahau tarehe za mapigano, lakini chakula kibichi kilichomuua mtu mzima hawakisahau, na hapo ndipo wanapoanza kuuliza kwa nini marehemu hao hawako juu ya mnara.

Swali la pili: hapa palikuwa na nini kabla? Mahali pale pale Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 sanamu la Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililozima upigano wa Abushiri kwenye pwani yetu; Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akiifunika bendera juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa, likasafirishwa Uingereza, na baadaye likakabidhiwa Wajerumani. Mwaka 1922 likasimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, safari hii kuwaliwaza watu waliopoteza makoloni. Mabomu yaliliangusha mwaka 1945, likarudishwa 1949. Wanafunzi wa chuo hicho waliliangusha 1967, likarudishwa, wakaliangusha tena 1968, na halikusimamishwa tena. Siku hizi linakaa stoo na hutolewa kwa maonyesho tu.

Tunaisimulia safari hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha jambo moja kwa uwazi kuliko hotuba yoyote. Shaba ilikuwa ile ile, uso ule ule, lakini Dar es Salaam ilikuwa amri ya mtawala, Hamburg ya miaka ya 1920 ikawa kilio cha mali iliyopotea, na Hamburg ya 1968 ikawa aibu. Kilichobadilika ni watu waliolizunguka na shughuli walizozifanya chini yake. Sanamu la Askari lililozinduliwa Dar mwaka 1927 nalo limepita njia kama hiyo. Liliwekwa kumshukuru aliyepigana upande wa mfalme wa Uingereza. Leo kijana akipita na daladala anaona Mwafrika mwenye bunduki akiitazama bahari walikotokea wakoloni, na wengi wanaamini kabisa kwamba ni mpigania uhuru.

Dhana hii ni ya kusahihishwa kwa upole, na si kwa kumcheka anayeiamini. Njia nzuri ni kumrudisha kwenye sare na maandishi, halafu kumweleza kwamba askari Waafrika walikuwa pande zote mbili. Katika baadhi ya koo za Kinyamwezi, Kiyao na Kimanyema wapo waliotumikia jeshi la Wajerumani na wapo waliotumikia King's African Rifles ya Waingereza, na wengine walitekwa upande mmoja wakamalizia vita upande wa pili. Halafu kuna jambo gumu zaidi, la kulisema bila kuzungukazunguka: miaka michache kabla ya vita hivyo, askari wa Wajerumani, Waafrika pia, ndio walioteketeza vijiji wakati wa Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907 vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Nchi moja inawaheshimu walionyongwa Songea na pia ina sanamu la askari katikati ya jiji lake kubwa. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kabisa kuyabeba mambo haya mawili kwa pamoja, ilimradi mwalimu asiwachagulie moja.

Swali la tatu ndilo zito: majina yako wapi? Maneno ya kwenye sanamu la Askari yalitungwa na Rudyard Kipling, na yamechorwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi. Mwishoni yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Mpe mwanafunzi dakika tano alitafute jina hata moja la Mwafrika kwenye mnara huo. Atazunguka mpaka achoke. Halipo.

Halikuachwa kwa kusahauliwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo wala dini. Ulaya kanuni ilifuatwa. Afrika Mashariki, Wazungu waliwekewa mawe yenye majina, Waafrika wakawekewa mnara wa jumla. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakuwekewa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili ni wa Afrika Mashariki na Misri. Januari 2025 tume hiyo ilizindua Cape Town mnara wa vibarua weusi wa jeshi waliokufa katika vita hivyo. Ni nguzo za mti mgumu wa Afrika, nguzo kwa kila mtu na jina lake, zaidi ya 1,700. Kwa hiyo inawezekana, hata baada ya miaka mia na zaidi.

Wakati serikali haziandiki majina, watu huweka kumbukumbu zao kwingine. Kariakoo ni mfano ulio mbele ya macho yetu kila siku: jengo la soko walilolijenga Wajerumani liligeuzwa na Waingereza kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na jina la kikosi likabaki kwa mtaa mzima. Nairobi kuna Kariokor. Ugogoni wazee walihesabu miaka kwa Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima. Kumbukumbu za aina hii ni imara kwa sababu zinatamkwa kila siku, lakini zina kasoro yake: zinahifadhi tukio na kumpoteza mtu. Mamilioni wamesema Kariakoo bila kumjua mpagazi mmoja.

Songea mambo ni tofauti. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni kwa makumi na kuwazika kaburi moja. Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na akazikwa peke yake. Makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa pale mwaka 1980, na kila Februari watu hukusanyika. Majina yapo, na kwa kuwa yapo, wapo wajukuu wanaosimama na kusema huyu ni wetu. Limo la Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume, na usishangae wasichana wakibaki hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha, na familia ya Songea Mbano ilikuwa na dai mahususi la kumwambia, la kutafutiwa fuvu la mzee wao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Ombi la aina hiyo haliwezekani mbele ya mnara usio na majina, maana hakuna anayejulikana kuwa ndiye mwenye marehemu.

Hata hivyo Songea nako kuna la kuangaliwa. Baada ya uhuru vita vya Maji Maji vilifundishwa kama mara ya kwanza makabila mengi kusimama pamoja, na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Masimulizi hayo yana mengi yasiyoingia kwenye hotuba: waliokataa kunywa maji ya dawa yaliyosemekana kuzuia risasi, waliokimbia, na zaidi ya yote njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, njaa iliyoua wengi kuliko bunduki. Mnara huwapenda walionyongwa kwa sababu walikufa siku moja mahali pamoja. Waliokufa polepole porini, wengi wao wanawake na watoto, hawana pa kuwekewa shada. Mwongozaji mzuri huwataja kwa makusudi, akiwa amesimama pale pale kaburini.

Mnara usiofanyiwa shughuli hufa hata kama shaba inang'aa. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hapa Tanzania viongozi huweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua, tarumbeta hupigwa, na viongozi wa dini huomba kila mmoja kwa dini yake. Silaha zile za jadi zinafanya kazi ambayo shada peke yake lisingefanya: zinamuunganisha aliyekufa 1905 na aliyezikwa Kaboya, wilayani Muleba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mtoto akiliona tendo hilo mara tatu, nne, halihitaji maelezo.

Sasa kwa wale wanaotaka kuwawekea watu wao ukumbusho wa kata au kijiji, na maombi ya namna hii yanaongezeka, shauri letu ni moja: usinunue mfuko hata mmoja wa saruji kabla orodha ya majina haijakamilika. Mnara ukitangulia, pesa huishia kwenye umbo na majina hugeuka kuwa maneno ya jumla, "mashujaa wetu", na hapo mmerudia kosa la sanamu la Askari la 1927.

Orodha huanza na daftari gumu lenye safu tano: jina la marehemu pamoja na la baba na la babu, ukoo na kijiji, aliondoka na nani au kwa amri ya jumbe gani, alirudi au hakurudi, na nani amesimulia. Usianze kwa kuuliza kama babu alikufa vitani, maana kwa heshima ya mgeni jibu litakuwa ndiyo. Uliza: katika nyumba hii, nani aliondoka asirudi? Kisha muda wake uupate kwa matukio, kabla au baada ya njaa fulani, kabla au baada ya homa kubwa ya 1918. Mabibi wasikilizwe kando, bila wanaume barazani, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni mjane yupi aliolewa na shemeji na kwa sababu gani. Hapo majina mengi hufufuka.

Kosa linalotokea sana ni mtu mmoja kuandikwa mara tatu: jina la nyumbani, jina la dini, na jina lililoharibiwa na karani wa jeshi. Dawa yake ni jina la babu, na ushahidi wa nyumba mbili zisizo za ukoo mmoja. Jina lenye shahidi mmoja libaki daftarini mwaka mzima likisubiri. Orodha ikikamilika ibandikwe ofisi ya mtendaji kwa siku 30, isomwe kwa sauti msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na kwenye mkutano wa kijiji. Kusoma kwa sauti hugundua makosa ambayo karatasi haiyagundui, hasa kwa wazee wasioona vizuri. Mpangilio uwe wa kijiji kisha alfabeti, kamwe usiwe wa cheo. Cheo huamsha ugomvi wa koo.

Vifaa. Bamba la shaba ni zuri lakini huibwa likauzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo lisitumike mahali pasipo mlinzi. Majina ya rangi juu ya plasta hufifia baada ya masika machache. Jiwe gumu, granite au marumaru, lenye herufi zilizochimbwa kina cha milimita 2 hadi 3 ndilo linalodumu, kwani hata rangi ikitoka kidole kitasoma. Herufi zisipungue sentimita 2 kwa urefu. Kwa kipimo hicho, jiwe la sentimita 80 kwa 90 likijaa linabeba majina kama 44 kwa safu mbili, mistari 22 kila safu. Mstari wa chini usishuke chini ya sentimita 60 kutoka ardhini na wa juu usizidi sentimita 160, ili mtoto na bibi waweze kuligusa jina. Kuligusa ni sehemu ya kumbukumbu. Usiuweke mnara ndani ya uzio uliofungwa kufuli.

Pwani chumvi ndiyo adui. Nondo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 5, mchanga wa bahari usitumike, na kitako kiinuliwe sentimita 30 maji yasituame. Nondo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani, na ufa unapoonekana nje kazi imeshaharibika. Kusafisha ni kwa maji, sabuni isiyo kali na brashi ya nyuzi. Brashi ya waya na maji ya betri hula jiwe, na dawa ya kung'arishia huondoa ngozi ya shaba inayoilinda.

Kuna jiwe lingine la kuhofiwa kuliko chumvi, nalo ni jiwe la mgeni rasmi. Minara mingi ina bamba kubwa, lenye herufi za dhahabu, linalomtaja aliyeweka jiwe la msingi na aliyezindua, na linachukua uso wote wa mbele. Miaka ikipita, watoto hudhani huyo ndiye aliyekufa. Kubalianeni kabla ya mwaliko kupelekwa kwamba bamba hilo litakaa nyuma, na herufi zake hazitazidi ukubwa wa herufi za marehemu. Mkishindwa kusema mapema, siku ya uzinduzi hamtaweza.

Sheria nayo iangaliwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Mnara wa vita za baadaye unahitaji kutangazwa rasmi na waziri, la sivyo barabara ikipanuliwa hauna utetezi. Andikeni barua Idara ya Mambo ya Kale mapema, mkiambatisha nakala ya daftari na picha.

Siku ya kumbukumbu ya kijiji isiwe ile ya kitaifa, kwani siku hiyo viongozi, ngoma na magari vyote vitakuwa wilayani. Chagueni tarehe yenu, kwa mfano ile ambayo vijana walichukuliwa, na shughuli iwe fupi: majina yasomwe yote, kila moja na mtu wa ukoo wake akiitika. Kwa majina 44 hiyo ni kazi ya robo saa. Theluthi moja ya jiwe iachwe tupu tangu mwanzo, maana mara tu orodha ikichongwa watu hukumbuka wengine. Jina jipya lipitie njia ile ile, daftarini, mashahidi wawili, siku 30, kisha fundi aje na patasi yake. Daftari liwe na nakala mbili, moja ofisi ya kijiji na nyingine shuleni, na mwalimu wa historia apewe jukumu la kuandika kila jina linaloongezwa pamoja na tarehe lilipoongezwa na nani alilileta.